Sahihi ya Penseli na Kijitabu cha Karatina: Kupinga Ibada ya Nakala Chache

Umezuka mtindo miongoni mwa wahakiki wa sanaa katika Afrika Mashariki, na wanafunzi wao wameupokea bila ya kuuhoji, wa kuipima hadhi ya kazi kwa uchache wa nakala zake. Kazi iliyopo peke yake duniani huwekwa juu. Iliyopigwa chapa mara sabini na tano na kutiwa sahihi huwekwa chini yake kidogo. Iliyochapishwa kwa maelfu na kuuzwa sokoni kwa bei ya mkate huachiwa wanasosholojia. Mfano unaopendwa kutolewa ni lithografu, yaani chapa ya jiwe, ya mchoraji wa kisasa wa Kifaransa: karatasi nzito, rangi chache, na chini ya picha tarakimu mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju, pamoja na jina la msanii kwa penseli. Kutoka hapo hoja hurukia fasihi. Husemwa kwamba maandishi ya miji ya Mlima Kenya, vijitabu vya Karatina na magazeti ya misheni ya Nyeri, ni bidhaa za umma zisizostahili kusomwa kama sanaa, kwa kuwa hazikuwahi kuwa na mpaka, wala sahihi, wala asili.

Makala haya yanashikilia kwamba hoja hiyo ni batili tangu msingi wake. Haiielewi lithografu inayoitukuza, na kwa sababu hiyo haiwezi kukielewa kijitabu inachokidharau. Wala suala hili si la ladha tu. Orodha za vitabu vya kusomwa hutungwa na watu wenye imani fulani juu ya kitu gani ni sanaa. Na kitabu kisichoingia katika orodha hakitafutwi, kisichotafutwa hakihifadhiwi, na kisichohifadhiwa huliwa na mchwa.

Jiwe la mtunzi wa tamthilia

Inafaa kuanza na jiwe lenyewe, kwa sababu wanaolisifu hawaelekei kulijua. Alois Senefelder, aliyeivumbua mbinu hii Bavaria mnamo 1796, hakuwa mchoraji. Alikuwa mtoto wa mwigizaji na mwenyewe mtunzi wa tamthilia, na shida yake ilikuwa ile inayomkabili kila mtunzi asiye na mfadhili: gharama za mchapaji zilimshinda. Alitafuta njia rahisi ya kuzizidisha tamthilia zake, akagundua kwamba jiwe laini la chokaa, likichorwa kwa kitu chenye mafuta kisha likaloweshwa maji, hupokea wino pale penye mafuta na kuukataa pale penye maji. Mafuta na maji, kama lila na fila, havitangamani; na juu ya kutotangamana huko ndipo sanaa nzima ya lithografu ilipojengwa. Jiwe hutibiwa kwa asidi na utomvu wa mgunga, hupakwa wino kwa rola, karatasi hulazwa juu yake na kugandamizwa. Kisha huja karatasi ya pili, na ya tatu, na ya mia.

Lithografu basi ilizaliwa ndani ya fasihi, na ilizaliwa kwa ajili ya wingi. Mhakiki wa fasihi anayeitumia kama kielelezo cha uadimu amekishika kisu kwenye makali.

Historia ya karne iliyofuata nayo inathibitisha hivyo hivyo. Honoré Daumier, ambaye hakuna mwanahistoria wa sanaa ya Ufaransa anayeweza kumruka, alichora lithografu zipatazo 4,000, na nyingi kati yake zilitoka magazetini, zikasomwa vilabuni na kufungiwa bidhaa siku ya pili. Mwaka 1832 alitiwa gerezani kwa picha iliyomkejeli Mfalme Louis-Philippe. Kama picha hiyo ingalikuwa moja, imetundikwa katika sebule ya tajiri mmoja, mfalme asingalijali. Dola iliogopa kuzagaa kwake. Aliyefungwa hasa ni wingi, na Daumier aliubebea adhabu.

Sahihi ya penseli ilikuja baadaye sana. Desturi hiyo ilishika mizizi kuelekea mwisho wa karne ya 19, wakati upigaji picha na mashine mpya za uchapaji zilipofanya picha za bei ndogo zizagae kila mahali, na wafanyabiashara wa sanaa wakahitaji njia ya kutenga chapa ya kuuza ghali na chapa ya kuuza rahisi. Kuhesabu nakala kukafuata. Jiwe halina idadi yake ya kimaumbile inayoishia kwenye 50 au 75. Mara nyingi linaweza kutoa zaidi. Idadi huwekwa kwa makubaliano kati ya msanii, mchapaji na muuzaji, kisha jiwe husuguliwa au hukwaruzwa ili lisitoe nyingine. Ni sawa na mkulima wa kahawa anayechoma nusu ya mavuno ili bei ipande. Mbinu hiyo ya soko inajulikana, na haina haja ya kuvikwa joho la falsafa.

Nani aliyechora?

Watetezi wa nakala chache hujibu kwamba sahihi ni ushahidi wa mkono: hapa msanii mwenyewe aligusa. Hoja hii ingalikuwa na nguvu kama ingalikuwa kweli. Katika karakana ya Fernand Mourlot mjini Paris, ambamo Picasso aliingia mwishoni mwa 1945 na Marc Chagall akafuata, walikuwapo mafundi ambao kazi yao ilikuwa kuihamishia picha ya rangi ya mchoraji kwenye jiwe, rangi moja baada ya nyingine. Charles Sorlier ndiye mashuhuri wao. Zipo chapa za Chagall ambazo mkono uliozichora juu ya jiwe ni wa Sorlier na jina lake limeandikwa humo kwa herufi ndogo. Chagall aliziidhinisha na kutia sahihi yake kwa penseli. Ni kazi nzuri, na Sorlier alikuwa fundi hodari. Lakini anayelipia "mguso wa msanii" katika chapa kama hizo amelipia mguso wa dakika moja, tena wa pembeni ya karatasi.

Upande wa pili wa jambo hili unaudhi zaidi. Chagall huyo huyo, kwa mikono yake, alichora lithografu zilizotolewa bila ya sahihi ndani ya majarida: toleo la Biblia la jarida la Verve mwaka 1956, na matoleo kadhaa ya Derrière le miroir, jarida la jumba la Maeght lililodumu tangu 1946 hadi 1982. Hizo ni chapa za jiwe halisi, zilizochorwa na msanii, zikatolewa kwa wingi na kuuzwa pamoja na maandishi. Sokoni bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ile iliyotiwa sahihi. Iliyochorwa na msanii lakini haina sahihi huuzwa rahisi. Iliyochorwa na fundi lakini ina sahihi huuzwa ghali. Mhakiki atakayeifuata bei kama dira ya ujumi atafikishwa wapi?

Mwisho wa mantiki hiyo ulionekana mwaka 1974, forodha ya Ufaransa iliponasa lori lenye karatasi tupu zipatazo 40,000, zote zimekwisha tiwa sahihi ya Salvador Dalí, zikingoja picha yoyote itakayopigwa juu yake. Aghalabu kisa hiki husimuliwa kama kashfa ya mtu mmoja mwenye tamaa. Lakini kimsingi Dalí alichukua kanuni ya soko na kuifikisha kikomo: ikiwa thamani imo katika sahihi, picha ni ya nini? Wahenga walisema chema chajiuza. Hapa penye kujiuza ni pembe ya karatasi tu.

Kenya nayo imo katika historia hii, na haikuingia kwa mlango wa nyuma. Kwa Michezo ya Olimpiki ya Munich ya 1972, waandaaji walitoa mfululizo wa mabango ya wasanii, wakiwamo Wafaransa Pierre Soulages na Charles Lapicque, pamoja na Hockney, Kokoschka na Vasarely. Ndani ya mfululizo huo huo umo mchoro wa Ancent Soi wa Kenya. Kama ilivyokuwa desturi, zilitolewa chapa chache zenye sahihi kwa ajili ya wakusanyaji, na mabango ya kawaida kwa ajili ya kuta za umma. Vitabu vya historia ya sanaa vikimtaja Soi hupenda kusema kwamba alikaa meza moja na Soulages. Ni kweli. Ila yafaa kuuliza alikaa nao wapi: katika kabati la mkusanyaji, au kwenye kuta za vituo vya treni ambako mabango yalibandikwa kwa gundi? Bango lilibuniwa kwa ajili ya ukuta. Chapa ya kabatini ni kivuli chake cha kibiashara, ingawa leo kivuli kimekuwa kirefu kuliko mti.

Pwani ilijua

Mhakiki wa Kiswahili asingalihitaji kwenda Paris wala Munich kujifunza haya. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, vitabu vya dini na kasida vilivyopigwa chapa ya jiwe Bombay vilifika Zanzibar, Mombasa na Lamu kwa majahazi. Wachapaji wa maandishi ya Kiarabu walilipenda jiwe kuliko herufi za risasi kwa sababu ya msingi: herufi za risasi hukata mwandiko vipande vipande, ilhali jiwe huchukua hati ya mwandishi kama ilivyo, na viungo vyake na mipindo yake, na kuizidisha. Kwa msomaji wa pwani, lithografu ilikuwa mkono wa khatati ulioingia katika kila nyumba. Mkono na wingi havikuwa maadui. Wazo kwamba kimoja lazima kimuue mwenziwe lilikuja na duka la picha.

Lugha yenyewe inashuhudia. Neno "nakala" katika Kiswahili halina dharau. Kitabu hakina kitu kingine ila nakala: nakala ya kwanza ni nakala, ya elfu ni nakala. Mtu huomba nakala yake ya gazeti, wala hahisi kwamba amepewa makombo. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi, mchongaji na khatati aliyefariki mnamo 1945, alizinakili tenzi mara kwa mara kwa kuagizwa, zikiwamo alizowaandikia wataalamu wa Kizungu kama Alice Werner na Ernst Dammann, na akalipwa. Mwishoni mwa hati mnakili huweka jina lake na tarehe. Hiyo nayo ni sahihi, lakini tabia yake ni nyingine kabisa: husema ni nani aliyebeba dhamana ya usahihi wa maneno, humwombea dua, na haimzuii yeyote kunakili tena. Sahihi ya penseli hufunga mlango. Sahihi ya mnakili huacha ufunguo kizingitini.

Hapa ndipo wasomi hupenda kumwita Walter Benjamin awe shahidi. Insha yake ya miaka ya 1930 juu ya kazi ya sanaa katika zama za kuzidishwa kwa mitambo husomwa kama maombolezo ya haiba iliyopotea, na wanafunzi huiweka katika sura ya pili ya tasnifu kama hirizi. Anayeisoma hadi mwisho ataona kwamba Benjamin hakuwa akilia. Aliitaja lithografu waziwazi kama hatua iliyoiwezesha picha kwenda sambamba na maisha ya kila siku, na alitarajia kwamba kufifia kwa haiba kungaliiondoa sanaa katika ibada na kuitia katika siasa. Soko la sanaa lilifanya kinyume chake: liliichukua mbinu iliyoua ibada na kuijengea madhabahu mpya ya penseli. Kumtumia Benjamin kutetea nakala chache ni kumpa mtu shahada ya somo alilolipinga.

Karatina

Katika miji ya Mlima Kenya uchapaji ulikuwa tangu mwanzo shughuli ya wingi. Mapadri wa Consolata walioweka makao yao Nyeri walianza mwaka 1916 kutoa Wathiomo Mukinyu, jarida la Kigikuyu ambalo jina lake lamaanisha rafiki wa kweli. Makusudi yake yalikuwa ya kimisheni, na hakuna haja ya kuyapamba. Lakini lilimzoesha msomaji wa Nyeri kwamba maandishi ni kitu kinachorudi kila mara, hupita mkononi mwa mtu na kwenda kwa jirani. Juu ya mazoea hayo ndipo kizazi cha Gakaara wa Wanjau kilipojenga.

Gakaara, aliyezaliwa 1921, alikuwa mtoto wa mchungaji wa Tumutumu, mwanafunzi wa zamani wa Alliance na askari wa zamani wa vita vya pili vya dunia. Alianza kuchapisha mwaka 1946 kwa hadithi fupi ya Kigikuyu, Uhoro wa Ugurani. Mwaka 1948 alitoa kijitabu kwa Kiswahili, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wangefaa kulitafakari jambo hilo: mwandishi wa chini ya Mlima Kenya, mwenye lugha yake na wasomaji wake, aliichagua Kiswahili pale alipotaka kusema na Mwafrika yeyote, wa kabila lolote. Uchaguzi huo ulikuwa uchaguzi wa wingi. Kijitabu kilikuwa chembamba, kimeundwa kwa ajili ya mfuko wa shati. Serikali ya kikoloni ilikielewa vizuri kuliko wahakiki wetu wanavyokielewa. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 Gakaara alikamatwa, magazeti na vijitabu vya Kigikuyu vikapigwa marufuku, na yeye akapitishwa kambi baada ya kambi kwa muda wote uliobaki wa muongo ule. Mojawapo ya kambi hizo ilikuwa Takwa, katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu, yaani mkabala na mji ule ule ambao Kijuma alikuwa akinakilia tenzi.

Kizuizini aliandika shajara kwa siri. Hii ndiyo kazi yake iliyokaribia zaidi kile ambacho soko la sanaa lingeliita cha pekee: mkono wa mwandishi, hati moja, karatasi zilizofichwa, hatari ya kifo cha hati na ya adhabu ya mwandishi. Ingalikuwa chapa ya Paris, uchache huo ungalikuwa ndio thamani yake. Kwa Gakaara uchache ulikuwa ndio janga lake. Nia yote ya shajara ile ilikuwa kuacha kuwa moja. Ilimchukua zaidi ya miaka ishirini baada ya kuachiwa kuifikisha huko, ilipotoka mwaka 1983 kwa jina Mwandiki wa Mau Mau Ithamirio-ini. Mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Noma kwa pamoja na kitabu cha Njabulo Ndebele, na mwaka 1988 ikatoka kwa Kiingereza. Hakuna nadharia ya asili na nakala itakayoieleza safari hiyo ikiwa inaanza na dhana kwamba kilicho kimoja ni bora kuliko kilicho kingi.

Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi, Gakaara alikuwa na mashine yake ya kuchapia Karatina. Alitunga, akapanga herufi, akapiga chapa, akauza. Alitoa vitabu vya kufundishia kusoma Kigikuyu, nyimbo, hadithi, na jarida Gikuyu na Mumbi, ambamo mhusika Kiwai wa-Nduuta alirudi toleo baada ya toleo na vituko vyake. Hapa umbo na uchapaji haviachani. Mhusika wa kurudi-rudi huhitaji chombo kinachorudi. Kichekesho chake hutegemea msomaji aliyekwisha kumzoea na anayemngoja. Mtu akikiondoa kisa kimoja cha wa-Nduuta na kukichapa peke yake kwenye karatasi ya thamani, nakala 50 zenye sahihi, atakuwa amekiua kama vile anayekausha samaki ili amsome anavyoogelea. Cristiana Pugliese, aliyeandika kitabu kizima juu yake mwaka 1995, alimtazama kama mwandishi na mchapishaji kwa pamoja, na huo ndio mkabala sahihi: katika Karatina mtunzi na mchapaji walikuwa mtu mmoja, jambo ambalo Senefelder alilitamani na ambalo wachoraji wa Paris waliliajiria mafundi.

Gakaara alifariki mwaka 2001. Karatasi zake zinasomwa leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale, na vijitabu vyake vya miaka ya 1940 ni adimu kuliko chapa nyingi za Chagall. Sasa, kwa kejeli ya historia, vimeanza kutajwa kwa heshima na watu wale wale waliovidharau, kwa kuwa vimekuwa vichache. Ndipo panapostahili kutenganishwa mambo mawili yanayochanganywa makusudi. Uko uhaba wa amri, ule unaowekwa na muuzaji kwa kulikwaruza jiwe. Na uko uhaba wa dhuluma, ule unaoletwa na polisi, marufuku, kuni za jikoni, na idara za vyuo vikuu zilizokataa kununua. Kuuheshimu uhaba wa pili kana kwamba ni wa kwanza ni kumshangilia mchomaji kwa kuongeza thamani ya kilichonusurika.

Ukuta wa Murang'a

Atasimama mtetezi aseme kwamba kuna kazi katika eneo hili hili ambayo kweli ni moja, na ambayo hadhi yake hakuna anayeibishia: michoro ya ukutani ya Elimo Njau katika kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu James na Mashahidi Wote, Murang'a. Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesomea Makerere chini ya Margaret Trowell, aliichora mwishoni mwa miaka ya 1950: maisha ya Kristo tangu kuzaliwa hadi kusulubiwa, yakitendeka katika nchi ya migongo na mabonde ya Wagikuyu, na watu wake wakiwa weusi. Kanisa lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa hali ya hatari kwa kukataa kiapo. Yaani wakati Gakaara yumo kizuizini kwa tuhuma za Mau Mau, ukuta ulikuwa ukichorwa, si mbali na kwao, kwa ajili ya waliouawa na upande ule ule aliotuhumiwa kuuunga mkono. Historia ya fasihi ya eneo hili isiyoweza kuvisoma viwili hivi pamoja haijaanza kazi.

Ni kweli, ukuta ni mmoja. Lakini umoja wa ukuta si uchache. Hakuna nakala 75 za ukuta ambazo wengine wamenyimwa. Uko wazi kwa yeyote aingiaye kusali, na waumini wameutazama kwa zaidi ya nusu karne bila ya kulipa senti. Ukuta na kijitabu ni ndugu, maana vyote viwili vimekabidhiwa umma, kimoja kwa kukaa mahali pamoja, kingine kwa kwenda kila mahali. Asiye wa ukoo huo ni chapa yenye sahihi, iliyozidishwa vya kutosha kuuzwa na kufichwa vya kutosha kutamaniwa.

Aidha hurejelewa msemo unaohusishwa sana na Njau na jumba lake la Paa ya Paa, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1965, kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Wapenzi wa nakala chache huushika kama aya. Hawaoni kwamba Kiswahili kina vitenzi viwili, kuiga na kunakili, na kwamba Njau, mwalimu aliyewafunza vijana wasichore kwa macho ya Ulaya, alikuwa akizungumzia cha kwanza. Anayeiga huchukua macho ya mwingine. Anayezidisha huyapeleka macho yake kwa wengi. Zaidi ya hayo, ikiwa kuna kuiga kunakostahili lawama hiyo, ni huku kwa kuchukua desturi ya wauza picha wa Paris, tarakimu zake na mkwaju wake, na kuifanya kuwa nadharia ya fasihi ya Nyeri.

Hoja moja ya kweli

Ipo hoja moja ya upande wa pili isiyojibika kwa kejeli. Msanii hula. Mchapaji wa Afrika Mashariki anayechonga mbao na kupiga chapa chache zilizohesabiwa, kama walivyofanya Peterson Kamwathi na Dennis Muraguri jijini Nairobi, hupata njia ya kuuza kazi kwa bei iliyo chini ya mchoro wa rangi na bado akalipa kodi ya nyumba; na anayenunua hupata hakika kwamba hakuuziwa kughushi. Gakaara, pamoja na wasomaji wake wote, hakutajirika kwa vijitabu. Kumwambia msanii azidishe kazi yake bila ya mpaka ni rahisi kwa mhakiki mwenye mshahara wa mwezi.

Hoja hii ikubaliwe, lakini ikubaliwe kwa sura yake halisi. Inasema kwamba tarakimu na sahihi ni hati ya malipo kati ya mtendaji na mnunuzi. Kama hati ya malipo, haina ubaya wowote, na matatu ya Muraguri hazipungui mwendo kwa kuhesabiwa. Ubaya huanza pale hati ya malipo inapopelekwa darasani na kusomwa kama sehemu ya kazi, kisha ikatumiwa kuhukumu kazi zisizokuwa nayo. Risiti ya mkunga si sehemu ya mtoto.

Mahoteli ya kitalii ya Nyeri na Nanyuki yangelitosha kuwa funzo kwa anayetilia shaka. Watalii waliokuja kutazama ndovu wa Aberdare ndio wateja wa asili wa picha za wanyama za toleo lenye mpaka, mtindo ambao David Shepherd, Mwingereza aliyeifikia Kenya akitamani kazi ya kulinda wanyama mwaka 1949 na kukataliwa, aliufanya mashuhuri duniani. Aghalabu picha hizo hupigwa kwa ofseti, kutoka picha ya kamera ya mchoro wa rangi, kisha hutiwa sahihi na tarakimu. Na ofseti ni nini? Ni lithografu: mafuta na maji, ila bamba la chuma limechukua nafasi ya jiwe. Kwa mashine ya aina hiyo hiyo huchapwa Taifa Leo, na kwa mashine ya aina hiyo hiyo huchapwa riwaya na tamthilia za mtihani wa shule za upili. Kila mwanafunzi wa kidato cha nne pale Karatina anapofungua kitabu cha Kiswahili ameshika lithografu, isiyo na sahihi, katika toleo ambalo mwisho wake haujatangazwa.

Mji wa Nyeri una Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi tangu 2012, na Karatina ina chuo kikuu chake tangu 2013. Kazi inayozingoja idara za fasihi za eneo hili haihitaji nadharia mpya. Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika iwekwe katika orodha ya masomo ya nathari ya Kiswahili, si katika kiambatisho cha historia. Wa-Nduuta akusanywe toleo kwa toleo, kama alivyotoka, pamoja na matangazo na bei zilizochapwa kwenye jalada. Familia zenye vijitabu hivyo darini ziombwe ruhusa ya kuvipiga picha na kurudishiwa siku hiyo hiyo, na zinazotolewa zichapwe tena kwa karatasi rahisi na kuuzwa sokoni, mahali zilipouzwa kwanza, kwa bei ambayo mwenye kununua viazi anaweza kuimudu pamoja na viazi vyake.